Dakika Themanini na Moja

Kwa miaka arobaini na moja Zabel Terzian alikuwa amekufa kwenye sinema mara kumi na tisa. Alipigwa risasi katika duka la vito, akalipuliwa kwenye kituo cha basi, akazibwa pumzi kwa mto wa hospitali, na mara moja, katika filamu ambayo hata yeye mwenyewe hakumaliza kuitazama, akaliwa na mchwa wakubwa kama mbwa. Asipokufa alilia: mama wa gaidi, bibi wa marehemu, jirani aliyesikia kelele. Alishacheza mpiga ramli wa kila taifa lililopo kati ya Ugiriki na India. Pale Glendale, karibu na Los Angeles, alipokuwa akiishi, watu walimsimamisha sokoni wakamnyooshea kidole, "Wewe nakujua! Wewe ni yule..." kisha wakakwama. Sura waliijua. Jina hawakuwahi kulisoma, kwa sababu majina ya watu kama yeye hupita kwenye skrini wakati watazamaji wameshainuka wanatafuta funguo za gari.

Hakuwa na kinyongo. Alitoka Beirut akiwa na miaka ishirini, vita vimepamba moto, yeye na dada yake mkubwa Verjine, na Kiingereza cha kuombea maji tu. Kwenye sinema aliingia kwa bahati. Alimsindikiza Verjine kwenye usaili wa tangazo la sabuni, na waliokuwa wakichagua wakamtaka yule aliyekuwa amekaa kwenye benchi akisubiri. Verjine hajamsamehe mpaka leo. Mume wa Zabel alipofariki, dada mtu alihamia kwake na masufuria yake yote, na tangu hapo wakawa wanaishi wawili, wakigombana asubuhi na kupatana mchana, kama walivyokuwa wakifanya utotoni.

Halafu ikaja nafasi ya Araksi.

Mwongozaji alikuwa binti wa miaka thelathini na tatu, Marisol Quintero, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza filamu ndefu. Alikuwa amemwona Zabel akilia kwa sekunde nane katika tamthilia ya mapolisi. "Zile sekunde nane," alimwambia, "ndizo nilizozitungia filamu nzima." Filamu iliitwa *Mwezi wa Mwisho Kenmore*. Araksi ni mjane, mpangaji wa mwisho katika jengo la mtaa wa Kenmore linalotakiwa kubomolewa, naye amegoma kutoka. Wenye jengo wanamtuma mwanasheria kijana, mwanamke, akamshawishi. Kwa siku thelathini wawili hao wanatishana, wanapika, wanadanganyana, na mwisho wanaambiana ukweli.

Mwanasheria alichezwa na Delphine Rourke, ambaye uso wake ulikuwa kwenye mabango ya manukato mpaka kwenye viwanja vya ndege. Bila jina lake hakuna mtu angetoa fedha. Walirekodi kwa siku ishirini na tatu, katikati ya kiangazi, kwenye jengo la kweli, bila feni, maana feni ilikuwa ikiingia kwenye sauti. Siku ya tano Delphine alizimia kwenye ngazi. Zabel akammwagia maji kisogoni, akamlaza, na siku iliyofuata akamletea supu ya dengu kwenye chupa. Tangu hapo yule nyota wa manukato akawa anakula chakula cha mchana ameketi sakafuni miguuni pa Zabel.

Kampuni iitwayo Merrow ikainunua filamu, ikaitoa mwezi wa Oktoba. Kwenye bango uso wa Delphine ulijaa kuanzia kidevu mpaka paji. Zabel alionekana dirishani, kwa nyuma, kivuli kisichoeleweka.

"Mgongo wako umetoka vizuri," Verjine alimwambia walipolipita bango hilo.

"Nyamaza uendeshe gari."

"Nasema kweli. Mgongo wa nyota."

Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya ibada, Zabel alikuwa ukumbini mwa kanisa la Waarmenia akiuza maandazi ya jibini kwa ajili ya mfuko wa shule. Foleni ilifika mlangoni. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba wake. Alikuwa wakala wake, Morty Zelnick, mzee wa miaka sabini na minane aliyekuwa akimtafutia kazi tangu siku ile ya sabuni.

"Zabel! Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama, nauza maandazi."

"Kaa chini."

"Nikae wapi, mzee wangu, kuna watu hapa. Sema."

"Wahakiki wa jiji wamekutana leo kupiga kura zao za mwaka. Mwigizaji mkuu bora wa kike..."

"Delphine kashinda? Vizuri. Mfikishie hongera zangu."

"Si Delphine, mwanamke wewe! Ni wewe!"

Zabel akampa mtu chenji yake. Akampa na andazi. Kisha akasema polepole, "Morty, umekunywa dawa zako leo?"

Verjine, ambaye alikuwa na masikio ya paka, alishamnyang'anya simu. "Sikiliza, wewe mzee. Ukimtania mdogo wangu mbele ya kanisa zima nitakuja huko nikunyonge kwa tai yako." Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Uso wake, ambao tangu utoto ulikuwa haujui kuficha kitu, ukaanza kulegea kuanzia kidevuni. "Rudia," akasema. "Rudia polepole, kwa sauti."

Morty akarudia. Wahakiki walipiga kura raundi tatu. Raundi ya kwanza jina la Zabel lilikuwa la tano. Mhakiki mmoja, mwanamama ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasimama akawauliza wenzake ni lini mara ya mwisho walisahau kuandika daftarini kwa sababu walikuwa wakitazama. Raundi ya pili Zabel akawa wa pili. Ya tatu akaongoza kwa kura nne.

Verjine akapanda juu ya kiti, miaka yake sabini na miwili pamoja na viatu vya kisigino, akatangaza habari hiyo kwa Kiarmenia kwa sauti ya muuza samaki. Ukumbi ukalipuka. Akina mama wakapiga meza kwa viganja, watu wakamkumbatia Zabel mpaka miwani ikamtoka, na padri, aliyekuwa na andazi mdomoni, alimbariki kwa ishara ya mkono tu. Zabel alisimama katikati yao na koleo ya kushikia maandazi mkononi, akicheka, na machozi yakimtiririka bila mwongozaji yeyote kumwomba.

Siku mbili baadaye aliitwa kwenye ofisi za Merrow. Aliyemwita ni Courtney Haldane, mkuu wa kampeni za tuzo, mwanamke mwembamba aliyetembea kwa haraka hata ndani ya chumba kidogo. Palikuwa na maua, na juisi ya kijani kwenye chupa.

"Malkia wetu!" alisema Courtney. "Nimelia. Muulize yeyote hapa, nimelia. Sasa nisikilize, Zabel. Tunakupeleka kwenye Oscar."

"Haya," Zabel akasema. Alikuwa hajaigusa juisi.

"Katika kipengele cha mwigizaji msaidizi."

"Msaidizi wa nani?"

Courtney akatabasamu. "Ni jina tu la kipengele, mpenzi."

"Wahakiki wamenipa tuzo ya nini?"

"Ya mwigizaji mkuu. Lakini wahakiki ni watu arobaini wanaokaa chumba kimoja wakabishana huku wakila mikate. Wapiga kura wa Oscar ni maelfu. Delphine tumeshamweka kwenye uigizaji mkuu tangu Septemba. Mkiwa wote wawili kipengele kimoja mtagawana kura, mtakosa wote."

"Filamu yetu ina muda gani?"

"Saa moja na dakika hamsini na mbili."

"Na mimi naonekana dakika ngapi?"

"Jamani, mimi sijahesabu."

"Hata mimi sijahesabu. Dada yangu kahesabu. Kaenda sinema mara mbili na saa yake ya kuchemshia mayai. Mimi themanini na moja. Delphine thelathini na saba."

Courtney akaacha kutabasamu, na kusema kweli hapo ndipo Zabel alipoanza kumpenda kidogo. "Sikufichi," alisema. "Si suala la dakika. Ni suala la nani anajulikana. Ukikubali usaidizi, nakuhakikishia kwamba asubuhi ya uteuzi jina lako litasomwa. Ukikataa, utakuwa peke yako dhidi ya majina makubwa kuliko yote ya mji huu, na mimi sitakuwa na la kukufanyia. Una miaka sitini na saba, Zabel. Fikiria vizuri."

"Nitakupa jibu kesho."

Alitoka akaenda moja kwa moja kwa Morty. Morty hakuwa na ofisi tena. Alikuwa na meza kwenye mgahawa wa mtaa wa Studio City, ile ya kona, ambako wahudumu walimpokelea barua zake. Alimsikiliza Zabel mpaka mwisho huku akizungusha kijiko kwenye supu.

"Kubali," alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Unajua nina wateja wangapi waliokufa wakisubiri jina lao lisomwe hata mara moja? Nimeenda mazishi yao. Kwenye mazishi husomwa, lakini wao hawasikii."

"Ungekuwa wewe ungekubali?"

"Mimi? Mimi ni wakala. Ningemuuza mama yangu kwa kipengele cha nywele na vipodozi."

Zabel akacheka. Morty hakucheka. Alisukuma bakuli pembeni, akajifuta mdomo.

"Ubaya ni kwamba ile filamu nimeiona mara tatu," alisema. "Nimewakilisha waigizaji wasaidizi miaka hamsini, Zabel. Msaidizi nikimwona namjua hata gizani. Yule Araksi si msaidizi. Laiti angekuwa. Ningelala vizuri."

"Basi nimekuelewa."

"Hujanielewa! Nimesema ukubali!"

"Nimekuelewa, Morty."

Usiku huo hakumweleza Verjine kitu. Asubuhi, kabla hata ya kahawa, alimpigia Courtney na kumwambia kwa upole kwamba anashukuru lakini hapana. Courtney akasema, "Nimesikia," na simu ikakatika.

Alidhani yameisha. Wiki ya Krismasi Verjine alirudi kutoka kwa daktari wa meno na gazeti la wanasinema alilolichukua kwenye chumba cha kusubiria. Akalifungua juu ya meza ya jikoni bila kusema neno, jambo ambalo lenyewe lilikuwa la kutisha. Ukurasa mzima, picha ya Zabel, na maandishi ya dhahabu: *Kwa ajili ya kura yako. Mwigizaji Msaidizi Bora. Zabel Terzian.*

"Kwani uliwakubalia?" Verjine akauliza.

"Niliwakatalia."

"Uliwakatalia kwa Kiingereza?"

Zabel aligeukia sinki. Alianza kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Aliosha zote, akaingia kwenye vikombe. Verjine akampigia Morty akamtukana kwa dakika tano kabla ya kumpa nafasi ya kuongea, na Morty akamweleza kanuni. Kampuni inaweza kuchapisha tangazo lolote inalotaka, ila tangazo ni ombi tu. Anayeamua ni mpiga kura. Akiona Zabel ni mwigizaji mkuu, ataandika jina lake huko, na hakuna wa kumzuia.

"Kwa hiyo wanachohitaji ni kuambiwa," Verjine alisema.

"Na nani?" aliuliza Morty. "Mimi? Wananijua. Hakuna anayenisikiliza."

Karamu ya wahakiki iliangukia katikati ya Januari, siku zile zile ambazo kura za uteuzi zilikuwa zikipigwa. Zabel alivaa gauni jeusi la Verjine lililopunguzwa kiunoni. Hoteli ilijaa watu ambao alikuwa amefanya nao kazi bila wao kukumbuka. Merrow walikuwa wamepanga kwamba atakayemkabidhi tuzo ni Delphine, ili wapiga picha wapate sababu ya kuinua kamera.

Walikutana kwenye korido, nje ya ukumbi. Delphine alikuwa amevaa gauni la rangi ya shaba na amesimama peke yake, akijisomea kikaratasi. Walikumbatiana.

"Mama Zabel," alisema Delphine, "lile tangazo nimeliona. Sikuulizwa. Nataka ujue."

"Najua, mwanangu."

"Lakini sitakudanganya." Sauti yake ilishuka. "Nami naitaka. Miaka kumi na miwili nipo kwenye kazi hii na hakuna aliyewahi kuniona ninaigiza. Wananiona nimesimama. Safari hii nilidhani wataniona. Kwa hiyo usiniombe nijitoe."

"Nimekuomba?"

"Hapana."

"Basi nyoosha mkanda wako, umepinda begani."

Delphine akapanda jukwaani, akasoma maneno mazuri aliyoandikiwa, akamkabidhi Zabel cheti kilichowekwa kwenye fremu nzito. Watu wakasimama. Walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko Zabel alivyotarajia, hata akashindwa kujua aweke wapi macho. Walipokaa, alishusha kipaza sauti mpaka kimo chake.

"Jioni njema," alisema. "Mimi si mzoefu wa kuongea. Kwa kawaida nikifika sentensi ya tatu, mtu ananipiga risasi."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nawashukuru wahakiki. Nasikia mlipiga kura raundi tatu na chakula kikapoa. Kwetu, mtu anayeacha chakula chake kipoe kwa ajili yako, huyo ni ndugu. Sasa, nimesoma gazetini kwamba mimi ni mwigizaji msaidizi."

Kwenye meza ya Merrow, Courtney aliweka glasi chini.

"Basi niwaeleze kuhusu usaidizi, maana ndiyo kazi yangu. Nimeifanya miaka arobaini na moja. Naijua kama ninavyoijua sufuria yangu. Msaidizi ni yule anayeingia mlangoni ili mwenzake aonekane. Anatoa pasi, hafungi goli. Anasikiliza, na kusikiliza ni kugumu kuliko kusema. Kazi hiyo haina aibu yoyote, na anayeidharau hajui sinema. Katika filamu hii kuna mtu aliyeifanya, tena vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya mimi. Yuko hapa nyuma yangu."

Akageuka. Delphine alikuwa amesimama pembeni mwa jukwaa, hajui kama ashuke au abaki.

"Mnakikumbuka kile kilio changu jikoni. Wengi mmeandika juu yake. Dakika nne, kamera iko kwangu tu. Ambacho hamkioni ni kwamba zamu ya Delphine ilikuwa imekwisha. Gari lake lilikuwa chini linamsubiri. Akakataa kuondoka. Alipiga magoti chini ya kamera, kwenye joto lile, akanishika macho yangu kwa macho yake, akalia na mimi kila tulipokirudia, mara sita, ili nisilie peke yangu. Machozi yake hayapo kwenye filamu. Yapo kwenye uso wangu. Nami nawaambia, yule mwanasheria angechezwa na mtu anayetaka kuonekana, Araksi asingekuwepo. Mimi nimesaidia watu maisha yangu yote. Safari hii nilisaidiwa. Dakika themanini na moja nilibebwa na huyu binti. Kama mnamtafuta msaidizi bora wa mwaka huu, msiniangalie mimi. Mwangalieni yeye. Asanteni."

Yule mhakiki mwanamama, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akapiga ngumi mezani mara moja, na ukumbi mzima ukainuka. Zabel alimtafuta Delphine kwa macho. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na haikuwezekana kujua kama kilichokuwa nyuma ya kiganja kile ni hasira au kitu kingine. Kabla vitamu havijaletwa, kiti chake kilikuwa kitupu.

Wiki ile na iliyofuata hapakuja simu, si ya Merrow wala ya Delphine. Zabel aliamka mara kwa mara na wasiwasi. Kwa ajili yake mwenyewe hakuwa na hofu, alishasema yake. Alimwogopea yule binti. Huenda alikuwa amemvunjia matumaini mbele za watu, kwa maneno matamu, na maneno matamu ndiyo yanayouma zaidi.

"Umesema uongo?" Verjine alimuuliza.

"Hapana."

"Basi lala."

Uteuzi hutangazwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa za Los Angeles, ili mashariki ya nchi wapate habari zao za asubuhi. Saa kumi na moja kamili Marisol alishabisha hodi, nywele zimesimama. Morty alifuata na mfuko wa mikate moto, amevaa koti zuri la sufu juu ya pajama. Verjine alikuwa amewasha televisheni tangu saa kumi na kuweka kahawa ya pili jikoni. Zabel alikaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, mikono magotini.

Kipengele cha mwigizaji msaidizi wa kike kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kusomwa. Majina husomwa kwa alfabeti ya jina la ukoo. La kwanza, la pili, la tatu. Kisha mtangazaji akasema, "Delphine Rourke, *Mwezi wa Mwisho Kenmore*."

Marisol akaruka. Morty akabaki kaduwaa na mkate mdomoni. "Lakini walimkampenia uigizaji mkuu!" alisema. "Wamemhamisha! Wapiga kura wamemhamisha wenyewe!"

Jina la tano lilianza na W. Herufi ya Zabel ilikuwa imepita.

Verjine akamshika mdogo wake bega, kwa nguvu, kama anayemzuia asianguke. "Hujakosa kitu," alianza kusema.

"Wewe tulia," Zabel alisema. "Mimi sikuomba hicho."

Dakika kumi zilipita na vipengele ambavyo hakuna aliyevisikia: mavazi, sauti, muziki. Morty alizunguka meza. Marisol alikuwa amekaa sakafuni, paji la uso kwenye magoti. Halafu skrini ikaandika: *Mwigizaji Mkuu wa Kike.* Majina manne yakasomwa, yote makubwa, yote yale ambayo Courtney aliyatabiri. Mtangazaji akavuta pumzi, akaliangalia karatasi kwa mashaka.

"Na, Zeibo... Teziani."

Hakuna aliyesikia jina la filamu. Marisol alipiga yowe lililowaamsha jirani wa chini na wa juu. Morty aliketi ghafla kwenye kiti ambacho hakikuwepo, akafika sakafuni, akabaki huko huko akilia na kucheka.

"Kaliharibu jina!" Verjine alifoka huku akimkumbatia dada yake shingoni. "Mbele ya dunia nzima, kaliharibu jina letu!"

"Liache," alisema Zabel. "Liache hivyo hivyo. Limesomwa."

Simu ya kwanza kuita ilikuwa ya Delphine. Zabel aliipokea.

"Mchawi wewe!" ilisema sauti ile, kati ya kicheko na kwikwi. "Mchawi mkubwa!"

"Umenikasirikia, mwanangu?"

"Nilikuchukia siku kumi na mbili! Nilihesabu! Halafu juzi nikaenda sinema peke yangu, nimevaa kofia, nikajitazama. Nikajiona ninasikiliza. Mama, sikujua kama naweza kusikiliza vile. Ningekufa na lile bango la manukato bila kujua." Alivuta kamasi bila aibu. "Wameniona, Zabel. Wameniona kwa kitu nilichokifanya kweli."

"Njoo ule," Zabel akasema. "Usikae peke yako leo. Njoo."

Ya pili ilikuwa ya Courtney. "Wawili!" alisema, na kwa mara ya kwanza alisikika amechoka kama binadamu. "Tumepata wawili. Miaka kumi na tano nafanya kazi hii, sijawahi kukosea vibaya hivi na kufurahi hivi. Nisamehe lile tangazo."

"Lile tangazo lilikuwa baya," Zabel alimwambia. "Picha tu ndiyo ilikuwa nzuri. Ichapishe tena, ubadilishe maneno."

"Nimeshaagiza."

"Na jina ulisahihishe. Wafundishe linavyotamkwa."

Mzee Krikor wa ghorofa ya chini alikuwa amefika mlangoni na taulo begani, amekuja kugombeza kelele. Verjine alimweleza kwa maneno matatu. Mzee alimtazama Zabel, akatazama televisheni, akashuka ngazi, na baada ya muda akapanda tena na chupa ya pombe ya matunda ya mishmishi na redio yake. Nyuma yake alikuja mkewe na jibini, na nyuma ya mkewe watoto wao, na majirani wa upande wa pili ambao hawakujua Kiarmenia hata neno, ila walijua furaha ikiita.

Nje kulianza kupambazuka juu ya vilima. Muziki ukapanda. Verjine akaliondoa zulia kwa teke, Morty akainuliwa kutoka sakafuni na pajama lake, mikono ikashikana vidole kwa vidole, na mstari wa wachezaji ukazunguka meza ukatokea kwenye korido mpaka kwenye ngazi. Aliyeongoza mstari huo, leso ikipepea mkono wa kulia, alikuwa Zabel Terzian, na jengo zima lilikuwa likimfuata hatua kwa hatua.